Fujo za uwanjani zina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niijibu makala ya ukurasa wa michezo iliyodai kwamba fujo viwanjani ni kazi ya "wahuni wachache", na kwamba dawa yao ni virungu, mbwa na mabomu ya machozi. Mwandishi wenu ana uchungu, na uchungu wake nauelewa. Ila amemkamata aliyekuwa nyuma kabisa, waliotangulia akawaacha waende zao.

Mimi ni mshika kibendera wa miaka mingi, zaidi kwenye madaraja ya chini ambako hakuna kamera wala marudio, na siku hizi nawafundisha waamuzi chipukizi. Kazi yetu ina jambo moja ambalo watazamaji hawalifikirii: uso wote uwanjani, mgongo wote kwa mashabiki. Refa yuko katikati, mbali na midomo ya watu. Mimi niko hatua chache tu kutoka kwenye uzio, na kila anachotukaniwa mama yangu nakisikia. Ukikaa pale muda mrefu, mgongo unajifunza. Unazijua kelele za watu wanaofurahia mpira, unazijua za wanaozomea kwa mazoea, halafu kuna hali ya tatu ambayo wala si kelele. Sauti zinashuka. Nyimbo zinakatika. Watu wanaacha kuwasemesha wachezaji, wanaanza kusemezana wao kwa wao. Hapo ndipo ninapomtafuta refa kwa macho.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba fujo "zilizuka ghafla", huwa najiuliza msemaji alikuwa ameketi wapi. Haziangukii watu kutoka mawinguni dakika ya themanini. Zina wenyewe, na baadhi ya wenyewe hao wana vyeo, wana vitambulisho vinavyoning'inia shingoni, na viti vyao viko safu ya mbele.

Chukueni mechi moja. Wenyeji wako nyuma kwa bao moja, mshambuliaji wao anaanguka ndani ya boksi, refa anapeta. Mimi nilikuwa upande ule na niliona vizuri: kijana alijikwaa kwa mguu wake mwenyewe. Jukwaa likapiga yowe, lile la kila wiki, kisha likaanza kutulia. Ndipo kocha alipotoka kwenye eneo lake, akaipiga teke chupa ya maji, akaupa uwanja kisogo, akaligeukia jukwaa na kutandaza mikono yote miwili. Hakutamka neno. Jukwaa zima likasimama. Kabla mpira haujavuka mstari wa katikati, vifuniko vya chupa vilikuwa vinanidondokea begani, kisha ikaja chupa yenyewe. Nikageuka. Aliyerusha alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, na pembeni yake mtoto wa kiume wa miaka kama minane. Yule mtoto alikuwa ameinama, anapapasa chini ya kiti akitafuta na yeye cha kurusha.

Ripoti ya mchezo ilisema "mashabiki walirusha chupa". Klabu ikatozwa faini. Maelezo yangu kuhusu ile mikono miwili, niliyoyaandika usiku uleule kwa mwandiko wa kusomeka, hayakuonekana popote, na kocha aliendelea na kazi yake wiki iliyofuata kana kwamba chupa zile zilijirusha zenyewe.

Msidhani haya ni ya viwanja vya vumbi tu. Tarehe 11 Desemba 2023, katika ligi kuu ya Uturuki, refa Halil Umut Meler alipigwa ngumi ya uso mara baada ya kipenga cha mwisho, na alipoanguka akapigwa mateke. Aliyempiga ngumi alikuwa rais wa klabu ya Ankaragücü, mtu mzima mwenye suti, ambaye timu yake ilikuwa imesawazishiwa bao dakika za nyongeza. Ligi yote ikasimamishwa kwa siku kadhaa, na yule rais akafungiwa maisha na shirikisho. Meler alikuwa mwamuzi wa kimataifa. Mnadhani nani alimfundisha shabiki wa kawaida kwamba refa ni mtu wa kupigwa? Kikulacho ki nguoni mwako.

Au tutoke kwenye soka. Usiku wa tarehe 19 Novemba 2004, karibu na Detroit, Pistons walikuwa wanacheza kikapu na Indiana Pacers. Mechi ilikuwa imeshaamuliwa: Pacers 97, Pistons 82, sekunde 45 zimebaki. Ron Artest akamchezea Ben Wallace faulo kali isiyo na maana, Wallace akamsukuma, wachezaji wakaanza kushikana mashati. Waamuzi wakaanza kujadiliana, na mjadala ukachukua muda. Artest akaenda kulala chali juu ya meza ya waandika matokeo, pua na mdomo kuelekea juu, umbali wa mkono kutoka kwa watazamaji, na hakuna aliyemwondoa pale. Mtu akarusha kikombe cha kinywaji kikampata. Yaliyofuata dunia nzima iliyaona: mchezaji akaparamia viti, ngumi zikarushwa kwa watazamaji, watazamaji wakashuka uwanjani. Artest alikosa mechi 86, adhabu ndefu kuliko zote ambazo NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilikuwa imewahi kutoa kwa kosa la uwanjani. Alistahili. Na aliyerusha kikombe alistahili alichopata. Lakini mimi kama mwamuzi, jicho langu linakwenda kwenye zile dakika chache kabla ya kikombe, wakati watu wazima wenye mamlaka walikuwa wamesimama pale, wengi tu, na mchezaji mwenye hasira amelala juu ya meza.

Baada ya hapo NBA ilipiga marufuku kuuza pombe katika robo ya nne ya mchezo. Sawa, pombe ni mchangiaji na sina haja ya kubishana. Ila nimewahi kutukanwa na watu ambao hawajawahi kuionja maishani mwao, na walitukana kwa ufasaha zaidi.

Wachezaji nao wana lao. Ngumi ya dakika ya sabini mara nyingi ina mzizi kwenye dakika ya kumi na tano: teke dogo la kisigino mpira ukiwa umeshaondoka, kiwiko wakati wa kona, neno la sikioni. Mchezaji huja mbio kwangu: "Umeona, lakini?" Nikimwambia nimeona na nitamwambia refa, mara nyingi anarudi kucheza. Nikimnyamazia, najua atalipa mwenyewe. Mike Tyson alipomng'ata Evander Holyfield sikio mwezi Juni 1997, utetezi wake ulikuwa kwamba alipigwa vichwa na refa hakumsikiliza. Si utetezi wa kuukubali, na hakuna aliyeukubali. Lakini kila mwamuzi ajue kwamba mchezaji anayeamini hasikilizwi ni mchezaji aliyekwisha kujiteua kuwa hakimu.

Kisa kinachonikera kuliko vyote ni cha mpira wa magongo wa barafuni, kwa sababu kile kilitangazwa. Tarehe 16 Februari 2004, Steve Moore wa Colorado alimgonga nahodha wa Vancouver, Markus Naslund, kichwani. Waamuzi hawakuita kosa, na ligi nayo ikasema halikuwa kosa. Kwa majuma matatu wenzake Naslund walizungumza waziwazi mbele ya vipaza sauti kwamba Moore ana deni. Waandishi wakaandika, watu wakanunua tiketi. Timu zikakutana mapema Machi pasitokee kitu, kwa sababu wakubwa wa ligi walikuwa uwanjani wanatazama. Zilipokutana tena tarehe 8 Machi, Todd Bertuzzi, mwenzake Naslund, alimfuata Moore kwa nyuma, akampiga ngumi ya kichwa, akaanguka naye kwenye barafu. Moore alivunjika pingili tatu za shingo na hakucheza tena maishani. Bertuzzi alifikishwa mahakamani akakiri kosa. Sasa niambieni, hapo wahuni wako wapi? Majuma matatu! Mechi ile iliyopita salama ndiyo inayonionyesha kwamba hata hii ingeweza kupita salama, maana mtu akijua anatazamwa na mwenye uwezo wa kumfungia, mkono huwa mzito.

Tabia hii inafundishwa mapema. Kwenye mashindano ya watoto niliyosimamia, kocha mmoja alimwita beki wake, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Yule namba saba akivuka katikati tena, asivuke na miguu yote miwili." Wazazi wakacheka. Nilinyanyua kibendera, refa akaja, nikamweleza, kocha akaamriwa atoke eneo la ufundi. Mzazi mmoja akanifuata mapumziko kunilalamikia kwamba naharibu ushindani. Mtoto wa umri ule hachagui. Anatazama nani anapigiwa makofi na nani anakaa benchi, kisha anafanya vile vinavyopigiwa makofi. Baada ya miaka kumi tunamkuta kwenye ligi, tunasema ana hasira za kuzaliwa.

Mwandishi wenu aligusa pia hoja niliyoisikia mara nyingi: kwamba watu waachwe wapige kelele na kutukana uwanjani, watoe hasira zao, warudi nyumbani wepesi. Ni hoja tamu, ila ilishapimwa ikashindwa. Mwaka 1969 huko Marekani, Jeffrey Goldstein na Robert Arms waliwahoji watazamaji kabla na baada ya mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya chuo cha Jeshi la Nchi Kavu na chuo cha Jeshi la Majini. Uhasama ulikuwa umepanda baada ya mechi, na ulipanda kwa walioshinda sawa na walioshindwa. Walipowahoji watazamaji wa jimnastiki, haukupanda. Kwa hiyo mtu akitazama watu wakigongana hatoki mwepesi. Anatoka amejaa.

Na anakwenda nao wapi ule ujazo? Hapa naomba nivumiliwe, kwa sababu mimi ni mwanamke na hili huwa halifiki ukurasa wa michezo. Anakwenda nao nyumbani. Wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, walichapisha mwaka 2011 utafiti wao wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani: timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikifungwa, ukatili wa wanaume kwa wake na wapenzi wao majumbani uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Ikifungwa mechi ambayo tangu mwanzo ilionekana ngumu, ongezeko lile halikuonekana. Huko Lancashire, Uingereza, watafiti walipitia kumbukumbu za polisi za Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Timu ya England ilipofungwa, taarifa za ukatili wa nyumbani zilipanda kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare, zilipanda kwa asilimia 26.

Simsingizii mtu kwamba mpira ndio uliompa mkono wa kupiga. Mkono ule alikuwa nao. Lakini angalieni ule utafiti wa kwanza: kinachouma zaidi ni kufungwa wakati ulikuwa umeahidiwa ushindi. Na ahadi hiyo anaitoa nani kila siku ya mechi, kwa herufi kubwa, na picha ya mshambuliaji amekunja ngumi? Mtaniwia radhi, Mhariri, lakini ukurasa wenu wa mwisho unaahidi ushindi kwa timu mbili zinazokutana siku moja.

Kuna na hawa wa kubeti. Siku hizi nasikia mgongoni tusi ambalo zamani halikuwapo: "Umenichania mkeka wangu!" Linatoka kwa mtu ambaye timu zote mbili si zake. Alichotaka ni kona tisa, na mimi nimempa nane. Mtu huyu hana hata ule upendo wa klabu ambao ungeweza kumtuliza. Amekuja na hesabu, na anatafuta wa kumlipa. Klabu zinazovaa majina ya kampuni za kamari kifuani zingefaa zitueleze zinafanya nini juu yake.

Sasa nije kwenye mabomu ya machozi, maana hapo ndipo makala yenu iliponinyanyua kitini. Mwandishi anataka yapigwe mapema na kwa wingi. Naomba asome historia ya viwanja vitatu.

Lima, tarehe 24 Mei 1964, Peru na Argentina. Bao la Peru likakataliwa, watu wawili wakaingia uwanjani, polisi wakawashughulikia kwa nguvu mbele ya umma, jukwaa likachafuka, mabomu ya machozi yakapigwa kwenye jukwaa. Watu wakakimbilia ngazi za kutokea na kukuta milango imefungwa. Idadi rasmi ni 328. Accra, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki waliokuwa wanashindwa wakaanza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakapiga mabomu, milango ya kutokea imefungwa. Watu 126. Malang nchini Indonesia, uwanja wa Kanjuruhan, tarehe 1 Oktoba 2022. Wenyeji Arema wamefungwa 3-2 na Persebaya, baadhi ya mashabiki wakashuka uwanjani, polisi wakapiga mabomu mpaka kwenye majukwaa ambako wengi walikuwa wamekaa tu. Watu 135, wakiwemo watoto, wengi wao wakibanwa kwenye milango.

Kanjuruhan ina jambo la ziada. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wamezuiwa kuingia kabisa, kwa ajili ya usalama. Hapakuwa na wa kupigana naye. Na kanuni za usalama viwanjani za FIFA zilikuwa zimeandika miaka mingi kabla kwamba gesi ya kutawanya umati isibebwe wala kutumiwa uwanjani. Kwenye viwanja vyote vitatu fujo za mashabiki, zenyewe kama zilivyokuwa, zingeacha viti vilivyovunjika na watu wenye manundu. Kilichoua ni gesi juu na mlango uliofungwa chini.

Nisieleweke kwamba polisi ndio tatizo kila mara. Port Said nchini Misri, tarehe 1 Februari 2012, watu 74 walikufa baada ya mechi ya Al-Masry na Al-Ahly, na pale palikuwa na shambulio la kweli, watu wamekuja na visu na marungu, wakati polisi wamesimama wanatazama. Wapo watu wanaokwenda uwanjani kwa nia ya kuumiza. Uwanja wa Heysel, Ubelgiji, mwaka 1985, kundi la mashabiki wa Liverpool liliwavamia wa Juventus, ukuta mkuukuu ukaanguka, 39 wakafa, na klabu za England zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano. Hata huko, ukichimba, unakuta uwanja uliochakaa, tiketi zilizouzwa ovyo ovyo na uzio mwembamba uliokuwa unatenganisha maelfu ya watu. Port Said nako watu walikuta mlango umefungwa. Mlango, mlango, mlango. Natamani kila mkaguzi wa uwanja angeanzia hapo kabla ya kuuliza kuhusu rangi ya viti vya wageni wa heshima.

Na lile neno "wahuni" mlitumie kwa uangalifu. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough huko Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio baada ya polisi kufungua lango na kuuelekeza umati kwenye sehemu iliyokwisha jaa. Waliofariki ni 97. Kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshazoea kwamba shabiki ni mhuni, gazeti moja kubwa liliandika siku chache baadaye kwamba mashabiki wenyewe ndio waliosababisha, eti wakawaibia na marehemu. Ilikuwa uongo. Ilichukua mpaka mwaka 2016 kwa baraza la mahakama kutamka kwamba waliofariki waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Kuna wazazi waliokufa kabla ya siku hiyo. Na ule uzio uliowabana ulikuwa umejengwa kwa hofu ya wahuni.

Basi tufanye nini? Mwaka 2004 Ureno iliandaa fainali za Ulaya, na kila mtu alikuwa anawaogopa mashabiki wa England. Kwenye miji mikubwa, polisi wa mijini walifuata ushauri wa watafiti, akiwemo Clifford Stott: askari wawili wawili wenye sare za kawaida, wanatembea katikati ya mashabiki, wanasalimiana nao, wanawaelekeza njia, na kikosi cha kutuliza ghasia kiko jirani ila hakionekani. Anayevuka mpaka anachukuliwa yeye, si wote waliovaa jezi kama yake. Ikapita shwari. Fujo za maana za mashabiki wale zilitokea Albufeira, mji wa pwani uliokuwa chini ya jeshi jingine la polisi ambalo halikuutumia utaratibu ule. Nchi moja, mashindano yaleyale, watu walewale.

Jambo hili halinishangazi, kwa sababu ndivyo ilivyo hata kwenye mstari wangu. Umati ukitendewa wote kama wahalifu, hata mwalimu na mhasibu wanasimama upande wa mrusha chupa, kwa vile virungu haviulizi. Ukiwatenganisha, wenyewe wanamwambia mrusha chupa akae chini. Nimesikia kwa masikio yangu: "Wewe, utatufungishia uwanja." Sauti hiyo ikitoka nyuma yangu, huwa naachia pumzi.

Waamuzi chipukizi nawaambia wafike mapema waupitie mstari wote wa pembeni kuokota mawe, maana jiwe ambalo halipo halirushwi. Wawasalimie makocha wote wawili kwa majina na wawaambie mapema ni nahodha peke yake atakayezungumza na refa. Kwenye fainali za Ulaya za 2024 Ujerumani utaratibu huo ulitumika, na zile duara za wachezaji kumi wanaomfokea mtu mmoja zikapungua. Faulo ya kwanza ya kisasi ipate kadi yake, hata kama ni dakika ya tatu na watu wanasema refa anaua mchezo. Benchi liangaliwe kwa jicho lilelile la wachezaji, maana kadi nyekundu ya kocha inatuliza jukwaa kuliko gari la polisi. Na mchezaji aliyepandisha atolewe mbali na watazamaji, apewe maji, asiachwe kulala juu ya meza.

Kwa wenye viwanja, nalisema lilelile: milango ya kutokea iwe na mtu mwenye ufunguo tangu mechi inaanza mpaka mtu wa mwisho atoke, na iwe wazi kabla ya kipenga cha mwisho. Mechi ikichelewa, kipaza sauti kiseme imechelewa kwa nini na itaanza lini. Watu wanaojua wanasubiri nini hawasukumani. Shirikisho nalo liache kutoza klabu faini ambayo kocha mchochezi haioni hata kwenye mshahara wake, na badala ya kufunga jukwaa lenye watu elfu tano, limfungie yule mmoja. Kitini pake pana namba.

Mwisho ni nyinyi. Kabla ya mechi kubwa iliyopita mlichapisha picha ya refa, nusu ukurasa, pamoja na orodha ya penalti alizowahi kuwanyima kila upande. Chini yake kichwa cha habari kilikuwa kinazungumzia kisasi na damu. Yule refa ana familia na ana simu, na namba yake ilikuwa imeshasambaa kabla ya jua kuzama. Mechi nyingine kama ile inakuja karibuni. Naomba nusu ukurasa uleule muuchoree ramani ya uwanja: mlango gani unafunguliwa saa ngapi, mashabiki wa upande gani wanatokea wapi, wenye watoto waketi jukwaa lipi, na namba ya kupiga mtu akiona pameanza kuchafuka. Kama meneja wa uwanja atashindwa kuwapa majibu hayo, chapisheni kwamba ameshindwa, tena ukurasa wa mbele.

Wako,

Mshika kibendera
(Jina na anwani anavyo mhariri)